Umeshafungua Jani? Miaka Yangu ya Ngano Mau Narok

Mzee jirani yangu alisimamisha pikapu yake kando ya shamba, akashuka, akaniuliza swali ambalo sikulielewa: "Mama, umeshafungua jani?"

Ilikuwa Agosti 2014, Mau Narok, kwenye nyanda za juu za Kenya. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa ekari 30 za ngano nilizokodi, nikitazama mabaka yaliyokuwa yakipauka katikati ya shamba. Wiki mbili nzima nilikuwa nimejiambia kwamba ni ukame. Mvua ilikuwa imekatika kwa karibu wiki tatu, na huku juu upepo wa mchana ukivuma bila mawingu unakausha udongo kama jiko. Kisha nikajiambia ni njaa ya mbolea, nikamwaga nyingine. Mabaka yakazidi kupanuka.

Mzee aliingia shambani, akachuma jani moja lililojikunja kama mrija wa soda. Lilikuwa na mistari mirefu, mingine myeupe, mingine ya zambarau. Akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba, akanipa. Ndani, wamejipanga kwenye mfereji wa jani, walikuwapo wadudu wadogo wa kijani kibichi, warefu na wembamba kuliko vidukari niliowajua kwenye sukuma wiki, wamebanana hadi jani likaonekana linatembea.

"Jua halina kosa," akasema. "Hawa ndio wanaokula."

Nataka kueleza nilivyofika hapo, maana makosa yangu yalianza miezi mingi kabla ya mdudu wa kwanza kutua.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya Njoro. Sisi watoto tulifuata nyuma ya kombaini tukiokota masuke yaliyoanguka, mama akayapura kwa fimbo, tukapata unga wa chapati za Krismasi. Kwa hiyo ngano niliijua ikiwa kavu, rangi ya dhahabu, iko tayari. Ikiwa kijani nilikuwa sijawahi kuitazama kwa karibu hata siku moja. Nilipoanza kulima mwenyewe mwaka 2012, kwa ekari 12, nilinunua mbegu iliyothibitishwa, nikafuata maagizo, nikavuna magunia 16 ya kilo 90 kwa ekari. Mwaka uliofuata nikapata 18. Nikajiona mkulima.

Msimu wa tatu nikapanua hadi ekari 30, na pesa za kukodi zikanila. Nikatafuta pa kubana matumizi. Mbegu ya dukani ilikuwa imepakwa dawa, ile rangi nyekundu inayochafua vidole, na bei yake ilinitia uchungu. Ghalani nilikuwa na ngano yangu mwenyewe, safi na nzito. Nikaipepeta, nikaipanda ikiwa tupu. Niliona kwamba kulipia mbegu ya dukani ni kulipia rangi.

Pembeni mwa ghala na kando ya barabara, ngano na shayiri zilizomwagika wakati wa kupakia lori zilikuwa zimejiotea tangu Januari. Zilikuwa za kijani, zinapendeza, nikawaachia mbuzi. Hata hilo nililiona kuwa ni faida.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimewajengea wadudu daraja. Ngano ikishavunwa na shamba likikauka, kidukari hana pa kuishi ila kwenye nyasi na kwenye ngano ya kujiotea kama ile. Anakaa humo akizaana polepole miezi yote ya kungoja, na shamba jipya likichomoza, wenye mabawa wanainuka na upepo na kutua juu ya mche wenye majani mawili matatu. Mche wangu haukuwa na dawa yoyote kwenye mbegu. Walipotua walikaribishwa.

Jina lake ni kidukari wa ngano wa Urusi. Si mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni nchi za Asia ya Kati na maeneo ya jirani. Alifika Afrika Kusini mwaka 1978, Texas kule Marekani mwaka 1986, na hapa Kenya akaripotiwa mwaka 1995. Australia, ambao walimlinda mipakani miaka mingi, walimkuta mashambani mwao mwaka 2016. Nikisoma tarehe hizo huwa nafikiri juu ya miaka ambayo baba yangu alikuwa akiendesha trekta bila kumjua mdudu huyu, na jinsi mimi nilivyodhani kwamba ujuzi wa ngano unarithiwa tu nyumbani.

Ubaya wake uko kwenye mate. Vidukari wengi wananyonya utomvu, mmea unadhoofika, basi. Huyu anapodunga, mate yake yanaharibu kile kinacholipatia jani rangi ya kijani, na jani changa linashindwa kufunguka. Linabaki limejikunja. Ndani ya mkunjo huo anapata nyumba: jua halimfikii, mvua haimpigi, na dawa inayonyunyiziwa juu inateleza nje ya ukuta. Na hahitaji dume. Majike tupu, wanazaa watoto hai, na mtoto akiwa na wiki moja na nusu au mbili naye anaanza kuzaa. Ukiwaona wachache Jumatatu ukasema utarudi baada ya mwezi, hutawakuta wachache.

Yote hayo sikuyajua siku ile. Nilichojua ni kwamba nina deni, na shamba linaliwa. Nikakimbia mjini kwenye agroveti, nikaomba dawa ya wadudu ya bei nafuu. Muuzaji alinipa nilichoomba. Hakuniuliza ni mdudu gani, nami sikumwonyesha jani. Ilikuwa dawa ya jamii ya pairethroidi, yaani zile zilizotengenezwa maabara kwa kuiga pareto, maua ambayo mama yangu aliyachuma Molo akiwa msichana. Ni dawa ya kugusa: inamuua mdudu inayemgusa. Mdudu wangu alikuwa ndani ya mrija.

Nilikodi mtambo wa kunyunyizia, tukapita shamba zima. Siku ya tatu nikapasua majani, nao walikuwa hai. Nikapiga tena baada ya wiki. Nikapiga mara ya tatu.

Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho hata mzee jirani hakukitarajia. Majani yaliyokuwa bado bapa, yale mazuri, yakaanza kugeuka. Kwanza yakawa na vidoa vidogo vya kifedha, kama yamenyunyiziwa majivu, kisha yakawa rangi ya shaba. Nikafikiri nimeyaunguza kwa dawa. Nilipopiga jani juu ya karatasi nyeupe, vumbi likaanguka, na vumbi likaanza kutembea. Niliazima lenzi ya mkononi kwa mwalimu wa sekondari, nikahesabu miguu: minane, ile ya mbele mirefu kuliko mingine. Hawakuwa wadudu kabisa. Walikuwa utitiri, ndugu zao buibui na kupe.

Nimeulizwa mara nyingi kama dawa yangu ndiyo iliyowaleta. Hawa wa kwenye ngano wanapenda ukame, na ule ulikuwa mwaka wa ukame kwangu, kwa hiyo huenda wangekuja hata nisingenyunyizia. Lakini najua nilichofanya: niliua kila kilichokuwa kinatembea juu ya jani, wakiwamo wale ambao kazi yao ni kula utitiri, na dawa yenyewe haikuwa ya utitiri. Niliwafagilia uwanja. Usiku mmoja mwishoni mwa Agosti mvua ya mawe madogo ikapiga saa nzima, na asubuhi utitiri walikuwa wamekwisha. Pesa yangu ilishindwa, mvua ikaweza.

Vidukari hawakwisha. Suke la ngano hutoka kwenye ala ya jani la mwisho, lile la juu kabisa, ambalo ndilo linalolisha punje kuliko majani mengine yote. Jani hilo likiwa limejikunja, ndevu za suke zinanasa humo, shina linaendelea kusukuma kutoka chini, na suke linatoka limepinda kama ndoana ya samaki. Kwenye mabaka yangu masuke mengi yalikuwa hivyo, meupe, nusu tupu. Kombaini ilipopita nilikaa ndani ya pikapu ya mzee kwa sababu sikutaka vijana wanione. Magunia 6 kwa ekari. Nilimaliza kulipa kodi ya shamba lile mwaka uliofuata, kwa pesa za viazi.

Niliporudi kujifunza, nilianzia Njoro, kwenye siku ya wakulima katika kituo cha utafiti. Kituo hicho kimekuwa kikizalisha mbegu za ngano tangu 1927, na ndiko ngano kutoka nchi nyingi huletwa kupimwa dhidi ya kutu ya shina ya Ug99, ugonjwa wa ukungu uliogunduliwa Uganda mwaka 1998. Wengi tulikuja kwa ajili ya kutu. Kutu ndiyo inayotutisha sisi wakulima wa huku, na ni haki itutishe. Lakini mimi nilikuwa na mfuko wa majani yaliyojikunja, na nilimfuata mtaalamu mmoja kutoka kipande cha shamba hadi kingine mpaka akacheka, akaniketisha.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ulihesabu wangapi kabla ya kunyunyizia?"

Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimetazama tu, tena kutoka barabarani.

Akanifundisha jambo ambalo mpaka leo nalifanya kila wiki kuanzia ngano ikiwa na majani mawili. Ingia shambani kwa miguu, usipite ukingoni tu, maana vidukari wengi huanzia pembeni na ukiishia hapo utadhani shamba zima limevamiwa. Tembea ukikunja kona mpaka ufike katikati na utokee upande wa pili. Simama mahali 10. Kila mahali, shika mashina 10 bila kuchagua, na kila shina fungua jani lililo changa zaidi. Usitazame kama limejikunja, lifungue uone kama yumo mdudu, kwa sababu jani linaweza kubaki na alama baada ya wenyewe kufa au kuhama. Andika. Ukikuta shina moja kati ya kumi lina vidukari hai, na wiki iliyopita walikuwa pungufu, na mvua haionekani, hapo fikiria dawa. Chini ya hapo, rudi nyumbani.

Kurudi nyumbani ndiko kugumu.

Msimu wa 2015 nilipanda mbegu iliyopakwa dawa. Dawa ile inaingia kwenye mche kupitia mizizi na kuulinda wiki za mwanzo, ambazo ndizo mdudu huyu anapata nafasi ya kukunja shamba zima. Nilisafisha ngano na shayiri ya kujiotea wiki kadhaa kabla ya kupanda, kando ya ghala, barabarani, hata kwenye mtaro wa jirani baada ya kumwomba ruhusa. Nusu ya shamba nikaipa viazi, ili ngano isifuate ngano. Juu ya mbolea ya nitrojeni nikajizuia, kwa kuwa jani laini lililonona ni karamu kwa kidukari.

Na hapo niseme kitu kuhusu mbegu nyekundu, maana nimewaona wenzangu wakiishughulikia kama mahindi ya kuchoma. Ile ni sumu. Mwaka huo tulimwaga kiasi kidogo kwenye kona ya kugeuzia trekta, hatukuifukia, na siku ya pili watoto walinionyesha njiwa watatu wamelala chini. Tangu siku hiyo mtu wangu wa mwisho kuondoka shambani ana jembe mkononi. Gunia la mbegu hiyo halirudi nyumbani kuwekwa unga wala nguo.

Basi, hesabu za 2015. Wiki ya sita: mashina 3 kwa 100. Wiki ya saba: 5. Wiki ya nane: 8. Siku hiyohiyo nilisikia mtambo wa kunyunyizia ukinguruma kwa jirani wa mashariki, naye hakuhesabu kitu, alikuwa anapiga kwa kalenda. Mume wangu akaniuliza kama nangoja tuvune magunia 6 tena. Sikuwa na jibu zuri. Nililala vibaya. Alfajiri nikarudi shambani na lenzi yangu, sasa ninayo ya kwangu, nikafungua majani mengine.

Nilichokiona sikukitambua mara moja. Miongoni mwa vidukari wa kijani kulikuwa na wengine waliovimba, rangi ya kahawia, ngozi yao imekakamaa kama punje ya mtama, na wengine wao walikuwa na tundu la duara mgongoni. Nilikumbuka picha ya Njoro. Nyigu mdogo sana hutaga yai ndani ya kidukari. Kiluwiluwi chake kinamla kidukari kutoka ndani, kisha nyigu mpya anatoboa tundu na kuondoka. Nyigu huyo anaweza kuingia kwenye mrija wa jani ambako dawa yangu ya 2014 ilishindwa kuingia. Kwenye mashina 8 yenye vidukari, 5 yalikuwa na maiti za kahawia. Nilikuta pia wale mende wadogo wa duara, wekundu wenye madoa meusi, na watoto wao wasiofanana nao hata kidogo, weusi na warefu kama mamba wadogo. Zamani nilikuwa nikiwaua watoto hao nikidhani ni wadudu waharibifu.

Nikasubiri. Wiki ya tisa: 9. Mkono ulikuwa kwenye simu kumpigia mwenye mtambo. Wiki hiyo mvua ikashuka siku nne mfululizo, na wiki ya kumi nikahesabu 4. Sikunyunyizia hata tone msimu ule. Nilivuna magunia 17 kwa ekari.

Sisemi kwamba kungoja ni kuzuri siku zote. Mwaka 2017 nilingoja nikakosea. Majani hayakujikunja, nami nikawa nimejizoesha kufungua jani changa la juu tu. Kumbe kuna kidukari mwingine, mnene, rangi ya zeituni iliyokoza na wekundu kidogo nyuma, anayekaa chini kabisa kwenye shina karibu na udongo. Hakunji jani na ukimwona humwogopi. Anachobeba ni virusi vya ugonjwa wa unjano na udumavu, ule unaoshika shayiri na ngano. Nilipoona mabaka ya manjano, majani yameanza kugeuka kutoka kwenye ncha na mimea imebaki mifupi, kazi yake ilikuwa imekwisha wiki nyingi nyuma. Virusi havina dawa. Kuua vidukari wakati huo ni kufunga mlango baada ya ng'ombe kuibiwa. Nilipoteza ekari 4 hivi, zile nilizopanda mapema kuliko majirani wote, kwa pupa, na ambazo kwa hiyo ndizo zilikuwa kijani pekee kwenye kilima wakati vidukari wanaruka. Sasa nikihesabu nafungua jani la juu, kisha nainama napekua shina mpaka kwenye udongo. Mgongo unauma, na bado nainama.

Mwaka 2018 tulihitaji dawa kweli. Hesabu ilifika 14 kwa 100, ikapanda tena, kavu, hakuna nyigu. Nilinunua dawa inayoingia ndani ya mmea na kusafiri na utomvu, ambayo mdudu ataipata hata akiwa ndani ya mrija. Nilisoma kibandiko chote, pamoja na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Nilimwarifu jirani mwenye mizinga afunge nyuki wake jioni. Lakini kosa moja nikalifanya, nalo silisahau. Mtambo wa kukodi ulichelewa, nikamwambia kijana wangu wa kazi aanze kipande cha mteremko kwa pampu ya mgongoni. Pampu ilikuwa inavuja kwenye mkanda. Hakuwa na glavu, upepo ukamrudishia. Saa tisa alianza kutokwa jasho na mate mengi, akasema haoni vizuri. Tulimkimbiza hospitali na chupa ya dawa mkononi ili daktari asome jina. Alipona. Mama yake alikuja nyumbani kwangu siku ya pili, akaketi, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mama, wewe ungemtuma wako?"

Glavu, buti, barakoa, koti la mvua, sabuni na ndoo ya maji viko shambani kwangu siku ya dawa kabla ya dawa yenyewe kufika. Upepo ukianza tunaacha, hata kama tumebakiza nusu ekari. Pampu inajazwa maji matupu kwanza ili tuone inavuja wapi.

Watu wananiuliza mbona tusipande ngano inayostahimili mdudu mwenyewe tukamaliza maneno. Natamani, na watafiti wa Njoro wameifanyia kazi. Lakini nimejifunza yaliyowapata wenzetu. Jimbo la Colorado, Marekani, walitoa mbegu iitwayo Halt mwaka 1994, inayomshinda kidukari wa Urusi, wakulima wakafurahi. Mwaka 2003 walikuta kabila jipya la kidukari yuleyule linalokunja majani ya ngano hiyo kama mengine. Afrika Kusini nao walipewa mbegu za namna hiyo miaka ya 1990, na mwaka 2005 kabila jipya likajitokeza. Mdudu anayezaa bila dume akipata mmoja tu anayeweza, amepata ukoo mzima unaoweza. Kwa hiyo mbegu stahimilivu nikiipata nitaipanda siku hiyohiyo, na bado nitaingia shambani kila wiki.

Ghalani nako wapo. Fukusi wanajulikana, sitawaeleza. Lakini mwaka niliovuna kwa haraka kabla ya mvua za Desemba nilihifadhi ngano ikiwa na unyevu wa asilimia 16 hivi, na baada ya miezi miwili uso wa gunia ulikuwa na vumbi la kahawia lenye harufu tamu ya ajabu, karibu na mnanaa. Vumbi lile lilitembea. Utitiri tena, wa aina nyingine, wanaopenda nafaka mbichi. Mikono ya waliopakua magunia iliwasha siku nzima. Ukishusha unyevu hadi 13 hawaishi vizuri, na kwa ngano ya kula nyumbani natumia ile mifuko isiyopitisha hewa. Vidonge vya kufukiza siviweki karibu na nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua mtu usingizini.

Msimu huu mzee jirani hatembei tena shambani, magoti yamekataa. Ekari zake 10 anamwachia binti yangu alime. Jumamosi iliyopita binti aliingia na daftari lake la shule la zamani, mimi nikabaki kwenye ukingo na mzee, yeye kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani. Tulimwona anasimama, anainama, anafungua, anaandika, anahama. Ilichukua karibu saa moja. Aliporudi viatu vimelowa umande mpaka juu.

"Wangapi?" mzee akauliza kabla hajafika.

"Juu 5, babu. Chini kwenye mashina 2. Na maiti za kahawia nimeziona mahali 3."

Mzee akafumba macho kidogo kama mtu anayepiga hesabu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Narok.

"Rudi Alhamisi," akamwambia.